Kuchora, kuzungumza au kukaa na wenzio: njia tatu za tiba kwa mtu mzima aliyetendewa ukatili wa kingono utotoni

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kenya ilifuata mwaka 2010, na majibu yakawa asilimia 32 kwa wasichana na asilimia 18 kwa wavulana. Vijana waliohojiwa miaka ile leo ni watu wa thelathini na kitu, wengine wamegusa arobaini. Wameoa, wameolewa, wanalea, wanakwenda kazini kila asubuhi. Wengi hawajamwambia mtu, kwa sababu mara nyingi mtendaji alikuwa mjomba, baba wa kambo, mwalimu au jirani wa kuaminika, na nyumbani walifundishwa kwamba mambo ya ndani hayatoki nje.

Makala haya ni ya yule aliyekwisha kuamua kutafuta msaada, akakwama kwenye kuchagua. Amesikia kuna tiba ya sanaa, ambapo mtu huchora badala ya kueleza. Ameambiwa pia aende kwa msaikolojia. Na kuna rafiki aliyemtajia kikundi cha wanawake wanaokutana kila Jumamosi. Nitaziweka njia hizi tatu kando kwa kando na kuzipima kwa vipimo vilevile.

Kabla ya hapo, jambo moja halisubiri ulinganisho. Kama una mawazo ya kujiua, au mtendaji bado anaishi nawe au anakufikia, hilo ndilo la kwanza. Kenya kuna namba 1195 ya ukatili wa kijinsia, simu ni ya bure. Tanzania unaweza kuanzia hospitali ya wilaya au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Tiba ya kiwewe, yaani jeraha linalobaki akilini na mwilini baada ya tukio la kutisha, hufanya kazi vizuri zaidi mtu akiwa na usalama wa kulala na kuamka.

Vipimo vitano

Cha kwanza ni kiasi unachotakiwa kusema. Kuna watu ambao wakijaribu kueleza, koo hufunga. Hilo si ukaidi wala woga wa kitoto. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walipiga picha za ubongo wa watu 8 wenye kiwewe wakati wakisikiliza masimulizi ya yaliyowapata, wakaona sehemu inayohusika na kutoa maneno ikipungua nguvu. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini uliendana na kile ambacho manusura wamekuwa wakikisema siku zote.

Cha pili ni ushahidi: je, njia hii imepimwa, na kwa watu wa namna gani? Cha tatu ni hatari ya kuzidiwa, yaani kumbukumbu kukurudia kwa nguvu kiasi kwamba unatetemeka, unajiona uko mbali na mwili wako, au unashindwa kufika nyumbani salama. Cha nne ni siri. Na cha tano ni upatikanaji, pamoja na sifa za anayetoa huduma.

Tiba ya sanaa

Jina hili lilianza kutumika Uingereza mwaka 1942, kutoka kwa mchoraji Adrian Hill, aliyegundua thamani ya kuchora alipokuwa amelazwa kwa kifua kikuu. Si darasa la uchoraji. Hakuna anayetoa alama, na wala huhitaji kujua kuchora. Unakaa mezani na mtaalamu, kuna karatasi na vifaa, na picha inayotoka ndiyo mnayoiangalia pamoja. Macho yako yako kwenye karatasi, si kwenye uso wa mtu anayesubiri jibu. Kwa mtu mwenye aibu ya miaka ishirini, tofauti hiyo ni kubwa sana.

*Kusema.* Unaweza kupita vipindi kadhaa bila kutamka kilichotokea. Wengine huanza na picha ya mahali wanapojihisi salama: baraza la bibi, kivuli cha mwembe, ufuo wakati maji yamekupwa. Wengine hupaka rangi tu. Mwislamu anayejizuia kuchora viumbe wenye roho hana sababu ya kuikwepa njia hii. Mistari, maua kama ya hina, vipande vya kanga vilivyobandikwa au hata kusuka ukili vinaweza kubeba kazi yote. Lakini nisikudanganye: mtaalamu mzuri hatimaye atakuuliza kuhusu picha yako. Kimya kinaheshimiwa, ila hakifanywi kuwa ndiyo tiba.

*Ushahidi.* Hapa ndipo njia hii ilipo nyuma. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 kuhusu watu wazima wenye kiwewe yalipata tafiti 6 tu zilizokuwa na kundi la kulinganisha, na nusu yake ndizo zilizoonyesha dalili za kiwewe kupungua kwa kiwango cha maana. Hiyo haimaanishi kwamba haifanyi kazi. Inamaanisha kwamba anayekuahidi uponyaji wa uhakika kwa sanaa peke yake anasema zaidi ya anachokijua.

*Kuzidiwa.* Hili ningependa ulielewe kwa undani, kwa sababu watu hudhani kuchora ni jambo jepesi lisiloweza kumuumiza mtu. Vifaa havilingani. Penseli, kalamu za rangi na picha zilizokatwa magazetini humtii mtu. Mstari unakwenda unapoupeleka na unaweza kufutwa. Rangi ya maji hutiririka bila ruhusa yako. Udongo wa mfinyanzi una ubaridi, unyevu na ulaini kama wa ngozi, na mkono unapozama ndani yake mwili unaweza kukumbuka kabla akili haijajiandaa. Wapo wanaosaidiwa sana na udongo, hasa kuupiga na kuukandamiza kwa nguvu walizonyimwa zamani. Lakini si kwa kipindi cha kwanza. Ukiingia kwa mtu mara ya kwanza akakuwekea udongo mbichi na kukuambia "fanya unavyojisikia", muulize kwa nini ameanza na huo.

Mfano mwingine ni ramani ya mwili. Zoezi hili lilipata umaarufu Cape Town mwaka 2002 kwa wanawake wanaoishi na VVU: unalala juu ya karatasi kubwa, mwenzako anazungusha kalamu kuufuata umbo lako, kisha unaijaza picha ile kwa rangi na maneno. Kwa kazi ile lilikuwa zoezi zuri sana. Sasa fikiria mtu aliyetendewa akiwa mtoto kitandani. Kulala chali huku mtu mwingine ameinama juu yake na kalamu ikipita kando ya mapaja kunaweza kumrudisha pale pale. Mtaalamu anayejua kazi atakupa njia nyingine: uzungushie kalamu kiganja chako mwenyewe, au uchore umbo dogo la mtu kwenye karatasi ya kawaida. Na ukisema hapana, hapana hiyo inapokelewa bila maelezo.

*Siri.* Maneno hupotea hewani, picha hubaki. Itakaa wapi? Ukiipeleka nyumbani, mume, mke au watoto wataiona, na mtoto wa miaka saba atauliza huyu mtu mweusi mlangoni ni nani. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba picha zinakaa kwenye faili lililofungiwa, bila jina lako kwa nje, na kwamba una haki ya kuichana yoyote uitakayo. Kuna suala la maonyesho pia. Zile Siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, mashirika hupenda kutundika michoro ya manusura. Nia inaweza kuwa njema. Lakini picha uliyoichora ili upone haijageuka kuwa mali ya kampeni, na huduma yako isitegemee kukubali kwako.

*Upatikanaji.* Nchini Uingereza hakuna anayeruhusiwa kujiita mtaalamu wa tiba ya sanaa bila kusajiliwa. Kwetu wenye mafunzo kamili ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Mara nyingi utakutana na mshauri nasaha aliyeongezewa kozi fupi, au msanii mwenye moyo mwema. Wa kwanza anaweza kukufaa kama anakiri mipaka yake. Wa pili ni mtu wa kuchora naye, si wa kutibiwa naye. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo kuulizia usajili si utovu wa adabu. Mashariki ya Kongo, katika Hospitali ya Panzi ya Dkt. Denis Mukwege mjini Bukavu, sanaa imetumika kwa sura ya muziki: manusura hutunga na kurekodi nyimbo zao wakiwa na mtaalamu kando yao. Sanaa si karatasi tu.

*Anayemfaa.* Mtu ambaye maneno hayatoki. Mtu aliyeumizwa akiwa mdogo mno hata kumbukumbu zake ni harufu, rangi na hofu bila kisa kinachosimulika. Pia yule aliyechoka kuhojiwa. Haimfai sana anayetaka ratiba yenye mwanzo na mwisho unaojulikana.

Tiba ya mazungumzo iliyolenga kiwewe

Usichanganye hii na ushauri wa jumla wa "pole, muachie Mungu". Ni tiba yenye hatua. Zipo aina kadhaa, na tatu hutajwa zaidi. Ya kwanza hushughulikia imani ambazo ukatili uliziacha ndani ya mtu: kwamba ni kosa lake, kwamba angepiga kelele, kwamba yeye ni mchafu. Ya pili hukusanya maisha yote kuwa simulizi moja iliyopangika. Ya tatu, iitwayo EMDR, humfanya mtu akumbuke kwa vipande vifupi huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu unaokwenda kushoto na kulia.

*Kusema.* Inategemea aina. Ya simulizi inadai mengi, kwa kuwa mtu hupita tukio kwa tukio. Hiyo ya imani inaweza kufanyika bila kueleza tukio kwa undani, na EMDR hudai maneno machache kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo kauli ya "mimi siwezi kuzungumza" haifungi njia hii nzima.

Tiba ya simulizi ina zoezi moja ambalo mtu wa sanaa angelitambua mara moja. Mtaalamu anatandaza kamba sakafuni. Kamba ni maisha yako, upande mmoja umezaliwa, upande wa pili umekunjwa kwa kuwa siku zijazo hazijafika. Unaweka maua penye furaha na mawe penye maumivu. Jiwe la umri wa miaka minane linaonekana lilipo, na kando yake, labda, ua la shangazi aliyekuchukua ukaishi kwake.

*Ushahidi.* Ndiyo njia iliyopimwa zaidi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya kitabia na kifikra iliyolenga kiwewe, pamoja na EMDR, kwa watu wazima wenye ugonjwa wa kiwewe. Mwaka 2005 aina ile ya imani ilijaribiwa Marekani kwa wanawake 71 waliodhulumiwa kingono utotoni, kwa wiki 17 zilizochanganya vipindi vya kikundi na vya mtu mmoja mmoja, na dalili zao zilipungua sana. Karibu na kwetu, tiba ya simulizi ilijaribiwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ikitolewa na washauri waliotoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, nayo ilisaidia.

*Kuzidiwa.* Wiki za mwanzo zinaweza kuwa mbaya kuliko kabla ya kuanza. Ndoto huongezeka, hamu ya kula hupungua. Mtaalamu anapaswa kukwambia hilo mapema na kukufundisha namna ya kurudi kwenye wakati uliopo: nyayo sakafuni, taja vitu vitano unavyoviona. Anayekutaka ueleze yote siku ya kwanza anakimbilia mbali mno.

*Siri.* Hakuna picha ya kuficha, lakini kuna faili. Siri pia ina mipaka, na hilo linahusu njia zote tatu. Ukisema mtendaji bado anaishi na watoto, mtaalamu anaweza kulazimika kisheria kutoa taarifa. Muulize mipaka hiyo kabla hujaanza, uamue mwenyewe utasema nini na lini.

*Upatikanaji.* Utawapata wasaikolojia kwenye hospitali za rufaa, vyuo vikuu na vituo binafsi mijini. Tatizo ni kwamba si kila msaikolojia amefunzwa tiba ya kiwewe. Swali la kuuliza ni hili: "Umefunzwa njia gani ya kutibu kiwewe, na vipindi vitakuwa vingapi?" Aliyefunzwa hujibu bila kuzunguka.

*Anayemfaa.* Mwenye dalili kali zinazomvurugia kazi na usingizi, anayejua kilichompata na anaweza kukikaribia akishikwa mkono, na anayependa kujua anaelekea wapi.

Kikundi cha manusura

*Kusema.* Hapa unaweza kuanza kwa kusikiliza tu. Na kuna jambo ambalo chumba cha watu wawili hakiwezi kulitoa: mwanamke mwingine anaeleza kwamba hadi leo hawezi kuoga mlango ukiwa haujafungwa kwa komeo, na wewe uliyedhani ni wazimu wako peke yako unainua macho.

*Ushahidi* hutegemea ni kikundi cha namna gani. Mashariki ya Kongo, hasa katika jimbo la Kivu Kusini, watafiti walilinganisha tiba ya kikundi yenye hatua, ile ya kushughulikia imani, na msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba miezi 6 baadaye asilimia 9 ya waliokuwa kwenye tiba ya kikundi ndio waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi za kiwango cha ugonjwa, dhidi ya asilimia 42 kwa kundi lingine. Watoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii waliofunzwa na kusimamiwa. Utafiti ule haukuwahusu hasa waliotendewa utotoni, na nguvu yake ilitokana na hatua zilizofuatwa. Kikundi cha kusimulia tu hakiwezi kujitwalia matokeo hayo.

*Kuzidiwa.* Hatari kubwa ni kisa cha mwenzako. Ulikuja na mzigo wako, unaondoka na wa watu saba. Kikundi kizuri kina kanuni: tunaeleza tunavyoishi leo, hatuingii kwenye undani wa tendo.

*Siri.* Huu ndio udhaifu wake. Mtaani watu wanafahamiana, na mwenzako wa Jumamosi anaweza kuwa shemeji wa jirani yako. Makundi ya WhatsApp yanaongeza tatizo, maana namba za wote zinaonekana na ujumbe unaweza kupigwa picha ya skrini kwa sekunde moja.

*Upatikanaji.* Ni nafuu, mara nyingi bure. Vya wanaume ni adimu mno, na hilo linaniuma, kwa sababu mwanamume aliyelawitiwa utotoni huogopa kwamba akisema atatiliwa shaka uanaume wake. Vikundi vya kanisani na msikitini vipo pia na vimewashika mkono wengi. Angalia jambo moja tu: usikubali kikundi kinachokutaka umsamehe mtendaji ndipo ukaribishwe. Msamaha ni wako, kwa wakati wako, na unaweza usije kabisa.

*Anayemfaa.* Mpweke, na yule ambaye aibu ndiyo inayomtesa kuliko kumbukumbu. Anafaidika zaidi aliyekwisha kupata nafuu kidogo, anayeweza kusikia bila kusambaratika.

Kulingana na hali yako

Kama hulali, unashtuka kila mlango ukigongwa, na kazi inaharibika, ningekuelekeza kwenye tiba ya mazungumzo yenye hatua kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye ushahidi mwingi kwa dalili za namna hiyo. Sanaa inaweza kuja kando yake.

Kama umekwenda kwa msaikolojia, ukakaa kimya saa nzima, ukaona aibu kurudi, jaribu sanaa. Wengi hupitia huko miezi michache, maneno yakaanza kutoka, kisha wakahamia kwenye mazungumzo. Huko si kuanza upya. Zile picha huwa ndizo zinazoongoza kikao cha kwanza.

Kama unaishi mji mdogo ambako kila mtu anamjua kila mtu, kikundi cha ana kwa ana ningekiacha kwa sasa. Mtaalamu wa mji mwingine kwa njia ya simu ana usalama zaidi, mradi una mahali pa kuzungumzia bila kusikika.

Kama una mimba au umejifungua karibuni na kumbukumbu zimeamka kwa sababu ya vipimo vya kliniki, mwambie mkunga kwa sentensi moja tu: "Niliumizwa utotoni, naomba uniambie kabla ya kunigusa." Hudaiwi maelezo zaidi. Tiba utachagua baadaye.

Kama wewe ni mwanamume na hujui pa kuanzia, chumba cha watu wawili, iwe kwa sanaa au mazungumzo, kwa kawaida hubeba hofu hiyo vizuri kuliko kikundi. Unaweza kuchagua jinsia ya mtaalamu, na kubadilisha ukiona umekosea.

Na kama uko mbali, bila mtaalamu wala nauli, daftari na penseli ni mwanzo halali. Chora mahali pa usalama, chora leo unajisikiaje kwa rangi au mistari, dakika kumi na tano, mchana na si usiku kabla ya kulala. Usichore tukio lenyewe ukiwa peke yako. Ukiona mwili unaanza kuganda au kichwa kinaelea, weka penseli chini, nawa uso kwa maji baridi, toka nje penye watu. Siku ukifika mjini, ulizia ofisa ustawi wa jamii katika halmashauri au hospitali. Ndiye anayejua nani karibu amefunzwa, na daftari lile si lazima umwonyeshe.